Samaki Mdogo na Samaki Aliyedumaa

  Wale wenye bwawa la samaki wasogee karibu zaidi, maana leo tunaanzia bwawani kwao.

Chukua mfano huu. Wewe ni mkulima wa Kaoze, kule chini katika Bonde la Ziwa Rukwa. Umechimba bwawa kwa jembe na jasho lako, mita 10 kwa mita 10. Ukaweka vifaranga 200 wa gege, ukawalisha pumba na mchwa kwa miezi minane. Siku ya kuvua umewaita majirani. Maji yanatolewa, watoto wanapiga vigelegele, maana samaki ni wengi mno, maelfu. Lakini ukimshika mmoja mmoja, hazidi kidole. Sokoni hauziki, na chunguni ni miiba mitupu. Miezi minane imekwenda na maji. Hapo ndipo maneno huanza: "Mbegu ilikuwa mbaya. Nimepewa samaki vibete."

Je, ni kweli? Hebu tusihukumu upesi. Samaki vibete wapo, tena wapo katika mkoa wetu huu huu wa Rukwa. Leo nitakueleza habari zao, na jinsi mtu anavyoweza kuwafuga na kuwazalisha ndani ya tangi la kioo, nyumbani kwake. Kisha tutarudi bwawani, na utaweza kusema mwenyewe kama samaki wako walikuwa vibete au la.

VIBETE HAWA NI SAMAKI GANI?

Gege, perege na sato ni ndugu wa ukoo mmoja. Wataalamu huuita ukoo huo Sikilidi. Gege wetu wa Rukwa jina lake la kitaalamu ni Oreochromis rukwaensis, na hilo la pili limetokana na ziwa letu. 

Sasa toka bondeni, panda Lyamba lya Mfipa, vuka uwanda wa juu wa Ufipa, kisha teremka upande wa pili mpaka Kasanga, Kala au Kipili. Hapo umefika Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kinafika karibu mita 1,470. Ndani yake mna aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo wa Sikilidi, na karibu zote kwa asili hazipatikani penginepo duniani.

Miongoni mwa aina hizo yumo mmoja anayeishi upande wa kusini wa ziwa. Wataalamu humwita Neolamprologus multifasciatus. Jina ni refu kuliko mwenye jina! Dume akikua kabisa ana urefu wa sentimeta 4 au 5, jike kama sentimeta 3. Mwili wake una mistari myembamba mingi iliyosimama. Huyu ndiye kibete hasa. Yumo katika samaki wadogo kuliko wote wa ukoo huo duniani.

Nyumba yake ni kombe tupu la konokono. Katika Ziwa Tanganyika yuko konokono aitwaye Neothauma. Akifa, kombe lake halioi upesi, kwa kuwa maji ya ziwa hilo yana chokaa ya kutosha. Basi makombe hulundikana chini kwenye mchanga, na vibete huhamia humo. Humo hujificha, humo hutaga, humo hulea watoto. Adui akipita, kila mmoja anaingia ndani kama panya shimoni.

Yuko na jamaa yao mwingine, Lamprologus callipterus. Dume lake ni kubwa, haliwezi kuingia ndani ya kombe. Kazi yake ni kukusanya makombe kwa mdomo na kuyalundika mahali pamoja, hata kuyaiba kwa jirani, na pengine jike yumo ndani. Jike ni mdogo sana, kwa sababu lazima aenee katika kombe. Unaona basi: nyumba ndiyo iliyompimia mwenyewe kimo chake. Huo ni udogo wa asili.

JE, INAFAA KUWAFUGA?

Nitasema kweli, nisije nikakutia hasara. Samaki hawa si kitoweo. Watu wa Ulaya, Marekani na Japani hununua samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika, lakini biashara hiyo hufanywa na wenye leseni, na wanunuzi wengi huko ng'ambo sasa wanawazalisha wenyewe majumbani. Kwa hiyo usiuze mbuzi ukanunue vioo kwa kutumaini utajiri.

Faida yake kwa mkulima ni nyingine. Bwawa ni giza. Ukisimama ukingoni huoni nani anataga, nani ana njaa, wala nani anakosa hewa. Tangi la kioo linakufungulia dirisha. Tangi moja shuleni, au kwa kikundi cha wafugaji, linaweza kuwafundisha watu 30 kwa mara moja.

JINSI YA KUTENGENEZA TANGI

Kwanza, kipimo. Tangi la urefu wa sentimeta 60, upana 30 na kimo 30 linatosha kabisa kwa kundi moja la vibete. Litabeba maji kama madebe mawili na nusu. Vioo viwe vya milimita 5 au 6, viunganishwe kwa gundi ya silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Liache likauke kwa wiki moja, kisha lijaze maji na kuyamwaga, kabla hujaweka samaki. Kumbuka uzito: maji, mchanga na vioo pamoja havipungui kilo 60. Meza iwe imara na iwe sawa, maana kioo kikikaa upande hupasuka. Kama huna kioo, anza na beseni pana la plastiki.

Pili, mchanga. Tafuta mchanga laini, uoshe mpaka maji yatoke safi, uweke kina cha sentimeta 5. Vibete hawa ni wachimbaji hodari. Huhamisha mchanga kwa mdomo, punje kwa punje, mpaka kila kombe likae wanavyotaka wao. Usiwapangie upya, watapangua.

Tatu, makombe. Weka mawili au matatu kwa kila samaki. Samaki sita, makombe 15. Kama huna ya Neothauma, hata ya konokono wa shambani yafaa, mradi kombe lilingane na yai dogo la kuku na mdomo wake umwezeshe samaki kuingia na kugeuka. Yachemshe, yasugue ndani, pasibaki nyama wala harufu. Usiyaokote kwa kuingia katika maji yaliyotuama yenye konokono hai, maana huko ndiko kichocho kinakopatikana.

Nne, maji. Ziwa Tanganyika lina maji magumu yenye chokaa, na hapo ndipo vibete walipozoea. Utayajuaje maji magumu? Chukua sabuni ya mche, nawa. Ikitoa povu upesi, maji ni laini. Ikigoma na kuacha utando, ni magumu. Maji ya mvua ni laini mno. Kuyasaidia, weka vipande vya mawe ya chokaa chini ya mchanga, na makombe yenyewe yatasaidia. Usitie magadi kwa kukisia. Maji ya bomba yenye dawa yaache wazi usiku na mchana kabla ya kuyatumia.

JOTO: BONDENI NA MLIMANI

Vibete hawa hustawi katika maji ya nyuzi 24 hadi 27. Hapa ndipo mtu wa Kaoze na mtu wa Sumbawanga mjini wanapoachana.

Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika yote yako karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari. Lakini katikati yake pamesimama Ufipa, na Sumbawanga iko juu zaidi ya mita 1,700. Ninyi wa huko mnaujua usiku wa Juni na Julai. Maji ya tangi yakilala bila moto, asubuhi samaki amekunja mapezi, hataki kula, na ugonjwa hauko mbali. Mwenye umeme aweke hita ya tangi pamoja na kipimajoto. Asiye na umeme huko mlimani, namshauri aache. Kumtesa samaki si ufugaji.

Mtu wa bondeni ana taabu ya upande wa pili. Joto likipita nyuzi 30, maji hushika hewa kidogo. Weka tangi kivulini, mbali na dirisha linalopigwa na jua. Ukiwaona samaki wamekuja juu wanatweta mdomo wazi, hasa alfajiri, ujue hewa imekwisha. Chota maji ya tangi kwa kikombe uyamimine tena toka juu, mara nyingi, na upunguze chakula. Na bwawani ishara ni hiyo hiyo.

MAJI MABICHI NA MAJI YALIYOIVA

Sikiliza vizuri hapa, maana ndipo wengi wanapoua samaki wao wa kwanza.

Wewe mkulima unajua kwamba samadi mbichi huunguza mche, bali iliyoiva huulisha. Tangi nalo ni hivyo. Mavi ya samaki na mabaki ya chakula hutoa sumu iitwayo amonia. Kuna vijidudu visivyoonekana ambavyo hula sumu hiyo na kuigeuza mara mbili, mpaka ibaki kitu kisichodhuru sana. Lakini vijidudu hivyo huhitaji wiki nne hadi sita kuzaana mchangani na kwenye sponji ya kuchujia. Kabla ya hapo maji yanaweza kuwa meupe kama ya chemchemi, kumbe ni mabichi.

Kwa hiyo:
– Anza na samaki wachache, na chakula kidogo.
– Weka sponji inayovutwa na pampu ndogo ya hewa. Umeme wa jua unatosha kuiendesha.
– Kila wiki toa robo ya maji, rudisha mengine yenye joto lile lile. Usitoe yote.
– Sponji ioshe katika yale maji uliyotoa. Ukiiosha kwa sabuni umeua vijidudu vyote, na ndani ya siku chache utaua na samaki.

CHAKULA

Wape kiasi wanachomaliza kwa dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Viluwiluwi vya mbu ni chakula bora kwao. Vichuje kwa kitambaa, vioshe, wape. Lakini usiweke ndoo ya kuzalishia mbu uani kwako! Chota vile vilivyokwisha kuwapo, umefanya kazi mbili kwa mara moja. Pia dagaa wakavu wasio na chumvi, waliosagwa wakawa unga, wanafaa. Siku moja kwa wiki wasile kabisa; hawatakufa. Wengi wa samaki wa nyumbani huuawa na shibe.

KUWAZALISHA

Weka samaki sita wadogo wakue pamoja. Ni vigumu kutambua dume na jike wakiwa wachanga, lakini wakikua yule mkubwa mwenye amri kwa kawaida ni dume. Dume mmoja hukaa na majike kadhaa, kila jike na kombe lake.

Jike akiwa tayari, humwita dume mlangoni. Hutaga mayai ndani ya kombe, na dume hutoa mbegu zake pale mdomoni mwa kombe. Baada ya hapo mama hukaa mlangoni, akipepea maji safi kwa mapezi yaingie ndani. Kwa siku nyingi hutaona kitu. Kisha, asubuhi moja, utaona vitu kama vipande vya uzi vimeegemea mlangoni: hao ndio watoto. Mara nyingi hawafiki 20. Usiwatoe. Katika kundi hili watoto hukaa karibu na wazazi, na ndugu wakubwa huishi pamoja na wachanga. Wape unga laini kabisa wa dagaa, kiasi cha kushika kwa ncha ya kisu.

Sasa tazama jambo hili. Makombe yakijaa, kundi haliongezeki sana. Asiye na nyumba hana pa kukimbilia, na anayebaki nje huliwa au hufukuzwa. Nyumba zimeweka kipimo cha watu. Na hata ukimlisha kibete mmoja kwa miaka mitatu, ukampa tangi zima peke yake, hatazidi sentimeta 5. Ni kimo chake.

TURUDI BWAWANI

Basi, wale samaki wako wa kidole kimoja pale Kaoze, ni vibete?

Fanya jaribio. Chukua kumi kati ya hao, uwaweke peke yao katika kibwawa kisafi, uwalishe vizuri kwa miezi miwili au mitatu. Wakikua, umepata jibu. Hawakuwa vibete, walikuwa wamedumaa kwa msongamano na njaa. Mbegu haikuwa na hatia.

Msongamano ulitoka wapi, na wewe uliweka 200 tu, yaani wawili kwa kila mita moja ya mraba, kama inavyotakiwa? Ulitoka kinywani mwa mama. Gege hahitaji kombe. Dume huchimba kishimo, jike hutaga humo, kisha huyachukua mayai mdomoni na kuyaatamia humo wiki moja hadi mbili. Nyumba yake anatembea nayo! Kwa hiyo hakuna kinachomwekea kipimo. Huanza kuzaa akiwa na miezi mitatu au minne, na hurudia baada ya wiki chache. Fanya hesabu: katika wale 200, majike wawe 100, na kila mmoja atoe vifaranga 50 tu. Ni midomo 5,000 mipya inayogombea pumba ile ile. Na chakula kikipungua, gege haachi kuzaa. Huzaa akiwa mdogo zaidi. Ndiyo maana ulivua maelfu ya vidole.

Ziwani kambale na ndege huwapunguza. Bwawani hakuna wa kuwapunguza ila wewe. Njia ziko nne:

1. Fuga madume matupu. Samaki akifika gramu 20 hadi 30, mgeuze tumbo juu. Nyuma ya tumbo dume ana matundu mawili, jike matatu. Majike wafanye kitoweo. Mwombe Bwana Samaki akuonyeshe mara ya kwanza, maana macho huhitaji mazoezi.
2. Weka kambale wachache ambao ni wadogo kuliko gege wako, baada ya gege kukua kidogo. Watakula vifaranga.
3. Vua vifaranga kwa wavu wa matundu madogo kila mwezi. Walishe kuku, au mpe jirani anayeanza bwawa.
4. Vua yote kwa mpango, kama baada ya miezi sita, ukaushe bwawa, uanze upya. Usingoje wajae.

NA SHERIA JE?

Usishuke ziwani kuchota samaki kwa kujiamulia. Uvuvi unatawaliwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, nao unataka leseni. Hata wavuvi wa ziwa wana majira ya kungoja: mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa miezi mitatu, toka Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Ukitaka vibete kwa ajili ya shule au kikundi, mwone kwanza Afisa Uvuvi wa wilaya, akuelekeze kwa mwenye leseni.

Ukiwapata, wasafirishe katika mfuko wa plastiki, theluthi moja maji na theluthi mbili hewa, ndani ya kikapu kilichofunikwa blanketi, kwa sababu watavuka baridi ya Ufipa. Ukifika, ueleze mfuko juu ya maji ya tangi nusu saa, kisha changanya maji kidogo kidogo.

Na neno moja zito: ukichoka nao, usiwamwage katika Ziwa Rukwa wala mtoni. Samaki mgeni huleta magonjwa na huweza kugombea chakula na makao na samaki wa hapo. Wengine, kama sato, hupandana na gege, na mbegu ya asili ikipotea hairudi. Mpe mwenzako mwenye tangi.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu ni mabwawa mangapi yana samaki waliodumaa? Mara ya mwisho yalivuliwa yote lini?
2. Nani kati yetu anaweza kutenganisha dume na jike? Atawafundisha wangapi mwezi huu?
3. Je, tangi la kioo likae shuleni au kwa mwenyekiti wa kikundi? Nani atabadili maji kila wiki?

Ndugu mkulima, kibete wa Ziwa Tanganyika ameridhika na kimo chake, na kombe moja linamtosha. Gege wako hajaridhika. Anangoja umpe nafasi. Kabla hujalaumu mbegu, hesabu midomo.